Anayetafuta Hajui Jina la Chaneli Yako

Mwaka 1907 John Henry Patterson alichapisha kitabu kuhusu simba wawili waliowaua wajenzi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo mnamo 1898. Simba wenyewe, baada ya kuwa mazulia nyumbani kwa Patterson kwa miaka mingi, waliuzwa kwa makumbusho ya Field mjini Chicago katika miaka ya 1920, na mpaka leo wapo huko wakitazamwa. Mwaka 1996 kisa hicho kikawa filamu ya Hollywood, na sehemu kubwa ya filamu hiyo ya Tsavo ilipigwa Afrika Kusini. Kwa zaidi ya karne nzima, basi, wageni wamekuwa wakilirundikia neno Tsavo maelezo, vichwa vya habari, tarehe na majina ya watu, na anayeliandika leo kwenye simu yake anapokewa na simba wala watu kabla ya jambo lingine lolote. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta. Wakazi wa kaunti hiyo, 340,671 kwa hesabu ya sensa ya 2019, hawakosi simu wala mambo ya kupiga picha: ndovu shambani, ngoma ya mwazindika, soko la ndizi la Taveta, machimbo ya vito, ukungu wa Wundanyi asubuhi. Video zipo, tena nyingi. Zinakosa kuonekana na mtu asiyezijua, na hoja ya sura hii ni kwamba kosa hilo haliko kwenye kamera. Liko kwenye maneno. Video hupatikana inapolijibu swali la mtu asiyekufahamu, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyaandika. Mengine yote yanayofundishwa kuhusu kuonekana mtandaoni ni nyongeza juu ya hilo.

Kabla ya maneno kuna suala la mahali. Video iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haitafutwi na mtu yeyote nje ya kundi hilo, hata ikisambazwa mara elfu. Inasafiri mkono kwa mkono mpaka ichoke, halafu inazama. Facebook nayo, ambako ndiko harusi, mazishi, makongamano ya kwaya na mikutano ya hadhara mingi ya huku hurushwa moja kwa moja, si ghala la kuaminika. Tangu Februari 2025 kampuni hiyo imeweka kanuni kwamba matangazo mapya ya moja kwa moja yanahifadhiwa siku 30 tu kisha yanafutwa; aliyeyarusha asipoyapakua kabla ya hapo, yamepotea. Mkutano wa wananchi wa Mwatate uliojadili fidia ya mazao yaliyoliwa na wanyamapori ukirushwa huko, mtafiti au mwandishi atakayeuhitaji baada ya miezi mitatu hataukuta. Silaumu wanaorusha huko, kwa sababu ndiko jamaa walipo. Ila jamaa na watafutaji ni watu wawili tofauti, na nakala moja ya kupakia YouTube, hata kama itatazamwa na watu kumi wiki ya kwanza, ndiyo itakayomngojea mtafutaji.

YouTube inatangaza kwamba utafutaji wake unaangalia mambo matatu makubwa: jinsi kichwa, maelezo, lebo na yaliyomo kwenye video yanavyolingana na swali, jinsi watazamaji walioipata kwa swali hilo walivyoitikia, hasa kama walikaa kuitazama, na kama chaneli inaaminika katika mada hiyo. Jambo la pili na la tatu huja baadaye, kwa sababu hakuna atakayekaa kuitazama video ambayo hajaletewa. La kwanza liko mikononi mwa mwenye video siku anapoipakia. Kichwa kinaruhusiwa herufi 100, maelezo 5,000. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo maneno manne au matano ya mwanzo ndiyo yanayofanya kazi. Sasa tazama jinsi nafasi hiyo inavyotumika: "Karibu nyumbani", "Sehemu ya pili", "Mungu ni mwema", "Safari yetu", au jina la chaneli likifuatiwa na alama tatu za mshangao. Vichwa vya namna hii vinaeleweka kabisa kwa mtu aliyekuwapo. Kwa mtu aliyeko Kisumu au Morogoro havisemi kitu, na mtambo ambao kila dakika hupokea zaidi ya saa 500 za video hauna sababu ya kuhangaika kukisia kilichomo. Lebo zinazoandikwa pembeni, ambazo wengi huzipigania kana kwamba ndizo siri, YouTube yenyewe inasema mchango wake ni mdogo mno, na faida yake kubwa ni pale neno linapokosewa tahajia mara kwa mara. Nitalirudia hilo la tahajia, maana kwetu ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Mfano bora wa thamani ya swali uko Sagalla, upande wa kusini wa mji wa Voi, ambako mashamba yamepakana na Tsavo Mashariki na ndovu huvuka usiku. Huko ndiko mtafiti Lucy King na shirika la Save the Elephants walikokita mradi wa uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga, mingine ya kweli na mingine ya bandia, inaning'inizwa kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ili ndovu anayejaribu kupita autikise waya na kuwaamsha nyuki. Utafiti uliochapishwa 2024, uliofuatilia mashamba ya huko kwa miaka tisa, ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao kustawi uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliosogea. Ulionyesha pia kwamba ukame hupunguza nyuki, na uzio hukosa nguvu. Hii ni elimu ambayo mkulima wa Laikipia, wa kandokando ya Mikumi, wa Kasese nchini Uganda, anaihitaji leo usiku. Yeye hajui kwamba kuna mahali panaitwa Sagalla. Hajui jina la mkulima wala la chaneli. Anachojua ni shida yake, na anaiandika hivyo hivyo: jinsi ya kuzuia ndovu shambani. Mkulima wa Sagalla akipakia video ya dakika sita na kuiita "Shambani kwetu leo", wawili hao hawatakutana maishani. Akiiita "Jinsi ya kuzuia ndovu shambani kwa uzio wa mizinga ya nyuki, Sagalla, Voi", ameliweka swali mbele na mahali nyuma, na mkutano unawezekana. Na maelezo yake yakitaja gharama ya mzinga, umbali wa mita 10, aina ya waya, mavuno ya asali na tatizo la ukame, basi amejibu pia maswali matano madogo ambayo kila moja lina watu wake.

Hapo ndipo udogo wa mahali unapogeuka kuwa nguvu. Anayeshindania neno "ndovu" peke yake anashindana na dunia nzima, pamoja na mashirika makubwa ya utangazaji yenye kamera za angani. Anayejibu swali refu na mahususi anashindana na watu wachache, pengine hakuna hata mmoja. Watu wengi wa kaunti hii wanafanya kinyume: wanachagua neno kubwa kwa kuwa linaonekana lina soko, na kuliacha neno dogo kwa kuwa linaonekana la kijijini. Treni ya Madaraka Express ilipoanza 2017, Voi ikawa mojawapo ya vituo ambako treni ya kaunti kwa kaunti husimama kati ya Nairobi na Mombasa. Msafiri hatafuti "uzuri wa Voi". Anatafuta jinsi ya kutoka kituo cha treni cha Voi hadi mjini, nauli ya matatu hadi Wundanyi, kama inawezekana kulala Voi na kuingia Tsavo Mashariki asubuhi bila gari lake. Mwenye nyumba ya wageni akirekodi majibu hayo kwa simu, pasipo muziki wala droni, amefanya tangazo lenye faida kuliko video ya dakika moja ya machweo.

Njia ya kuyajua maswali si ya kubahatisha. Ukianza kuandika neno kwenye sehemu ya kutafutia ya YouTube, maneno yanayojitokeza chini yake yametokana na yale watu wanayoandika. Google Trends ina kichujio cha kuonyesha utafutaji wa YouTube peke yake, tangu 2008, na unaweza kukiwekea Kenya; kwa mahali padogo mara nyingi kitakosa data ya kutosha, lakini kwa ndovu, kito cha tsavorite au reli ya SGR kitasema kitu. Mwenye chaneli tayari anayo orodha ya maneno yaliyowaleta watazamaji wake kutoka kwenye utafutaji, ndani ya takwimu za YouTube Studio, na ni ajabu jinsi wachache wanavyoifungua. Zaidi ya yote, kuna maswali ambayo mwongoza watalii, mwenye duka la pembejeo au karani wa ofisi huulizwa kwa simu kila wiki. Swali lililoulizwa na wageni watatu kwa simu limeandikwa na mamia kwenye mtandao.

Sasa tahajia. Kijiji au kilima kimoja cha huku kinaweza kuandikwa Sagalla, Saghalla au Sagala. Ziwa la mpakani ni Chala kwa baadhi na Challa kwa wengine. Watu wenyewe ni Wataita, Wadawida, na kwenye vitabu vya zamani na jina la shamba kubwa la mkonge la Mwatate ni Teita. Mnyama wetu ni ndovu kwa Mkenya, lakini Mtanzania aliye na shida ile ile ataandika tembo. Mtambo umejifunza kuunganisha maneno mengi yenye maana moja, hasa kwa Kiingereza. Kwa majina ya vilima vya Taita usiuwekee imani hiyo. Dawa ni kuandika sentensi ya kawaida kwenye maelezo: kwamba video hii imepigwa Sagalla, ambako wengine huandika Saghalla, na kwamba ndovu anayezungumziwa ndiye tembo kwa wa Tanzania. Sentensi moja ya kweli inatosha. Kumwaga maneno thelathini yasiyohusiana chini ya maelezo, kuanzia msanii Diamond hadi timu za Simba na Yanga, YouTube inakataza waziwazi, na anayefanya hivyo anahatarisha video kuondolewa.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya haya yote ni kwamba utafutaji umepitwa na wakati. Mwaka 2018 Neal Mohan, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa bidhaa wa YouTube, alisema kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda unaotumika kutazama video huko unatokana na mapendekezo ya mtambo wenyewe. Kama ni hivyo, kwa nini kuhangaika na kichwa, wakati algoriti ndiyo inayoamua nani aone nini? Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Mapendekezo hujengwa juu ya historia: nani ameitazama video, alikaa muda gani, alitazama nini kingine. Chaneli yenye wafuasi 80 haina historia ya kutosha kupendekezwa popote. Utafutaji ni miongoni mwa milango michache ambapo chaneli mpya inaweza kuitwa kwa sababu ya kinachosemwa ndani yake, na wanaoingia kwa mlango huo wamekuja wakiwa na haja, hivyo hukaa, na kukaa kwao ndiko kunakoanzisha hiyo historia. Isitoshe, asilimia 70 hiyo inapima muda wa watu wote duniani, wengi wao wakitafuta burudani. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa jana usiku hangoji kupendekezewa.

Wengine watasema, andika Kiingereza basi, kwa kuwa ndiko watu waliko. Jibu linategemea anayeuliza ni nani. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita karibu na Taveta na kurudishwa nyuma na majeshi ya Wajerumani. Makaburi ya vita hivyo yapo Taveta, Voi na Maktau mpaka leo. Vitukuu vya askari wale wako Johannesburg, Uingereza, India na Pakistani, na wanatafuta kwa Kiingereza, kwa jina la kikosi na tarehe. Mwongoza watalii wa Taveta anayewalenga hao na kuandika kichwa kwa Kiswahili pekee amejifungia mlango. Kwa ndovu na ndizi mambo ni kinyume: kwenye Kiingereza foleni ni ndefu, kwenye Kiswahili maswali ni mengi na majibu mazuri ni machache. YouTube inakubali kichwa na maelezo ya video moja yawekwe kwa lugha zaidi ya moja, na kila mtazamaji aonyeshwe ile ya kwake. Kinachoharibu ni kuchanganya lugha mbili ndani ya kichwa kimoja mpaka hakuna swali la mtu yeyote linalolingana nacho.

Kuna pia wanaosema kwamba mitambo ya siku hizi inaona na kusikia yenyewe, hivyo maneno ya kuandika yatakosa kazi. Kweli inaona. Inaweza kutambua kwamba kwenye picha kuna ndovu, waya na mzinga. Haiwezi kutambua kwamba hapo ni kijiji cha Mwakoma, kwamba mzee anayezungumza anaeleza jinsi alivyopoteza mavuno mawili mfululizo, au kwamba wimbo unaoimbwa na kwaya ni wa Kidawida na unahusu unyago. Kwa lugha ndogo kama Kidawida, Kisaghalla na Kitaveta, hakuna anayepaswa kungoja manukuu yanayojiandika yenyewe. Manukuu yanaandikwa kwa mkono na kupakiwa kama faili dogo la maandishi lisilokula bando, na kila neno lililomo ni neno jingine la kuisaidia video ieleweke na mtambo pamoja na mtazamaji asiyejua lugha. Video ndefu inaweza pia kugawanywa sura kwa kuandika nyakati kwenye maelezo, ya kwanza ikiwa 0:00, zisiwe chini ya tatu, kila moja ikiwa na sekunde 10 au zaidi. Mkutano wa saa mbili ukigawanywa hivyo, mtu anayetafuta sehemu inayojadili maji ya chemchemi za Mzima ataifikia bila kupitia hotuba za kukaribisha wageni. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Pia ndiyo kazi ambayo karibu hakuna anayeifanya.

Lililobaki ni la maadili, nalo halistahili kupuuzwa: je, kumwandikia mtafutaji si kuigeuza kazi ya mtu iwe mtumwa wa mtambo? Ingekuwa hivyo kama ushauri ungekuwa ni kudanganya. Mtu akibandika picha ya simba anayenguruma juu ya video ya bei za ndizi, watu watabofya, kisha wataondoka sekunde ya kumi. Tangu 2012 YouTube imeupa muda wa kutazama uzito kuliko idadi ya kubofya, kwa sababu hasa ya udanganyifu wa namna hiyo, na kuondoka kwa haraka kunaishusha video. Kichwa cha kweli na mahususi ndicho kinacholeta watu watakaobaki. Wala hakilazimu kubadilisha wimbo, hadithi au msimamo. Kinalazimu tu kusema ni nini, ni wapi, na ni kwa ajili ya nani. Wanaouliza kazi hii italipa nini wanafaa kuambiwa wazi pia. Ili kupata mgawo wa matangazo, YouTube inadai wafuasi 1,000 pamoja na ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, na video ya uzio wa nyuki inaweza kukaa miaka bila kufikisha. Faida yake ni asali inayonunuliwa, chumba kinachokodishwa, simu ya mwandishi wa habari, mkulima wa wilaya nyingine anayekuja kujifunza. Asiyehitaji faida za namna hiyo ana sababu ya kuendelea na "Karibu nyumbani".

Kwa ofisi za kaunti, hoteli na vyuo vyenye tovuti zao, neno moja. Tangu mwishoni mwa 2023 Google huonyesha kwenye sehemu ya video zile kurasa tu ambazo video ndiyo kiini chake. Video iliyosukumwa chini ya ukurasa wa mwanzo, kati ya picha ya gavana na ratiba ya zabuni, haihesabiki. Ipewe ukurasa wake, kichwa chake na aya mbili za maelezo.

Habari njema ni kwamba si lazima kuanza upya. Kichwa na maelezo ya video iliyopakiwa miaka mitano iliyopita hubadilishwa kwa dakika chache kwenye simu. Kiungo chake kinabaki kile kile, na waliokwisha kuitazama hawapotei kwenye hesabu. Fungua chaneli yako, tafuta video moja ambayo ukimwambia mtu wa mbali kilichomo angetaka kuiona, kisha uandike juu yake swali ambalo mtu huyo angeuliza. Fanya hivyo kabla ya kununua kamera nyingine.